Kaa Waliotubebea Maneno

Majuzi, kwenye harusi ya mjukuu wa dada yangu huko Lubumbashi, nilimwona bibi harusi akimkumbatia baba mkwe wake mbele ya ukumbi mzima. Alimfuta jasho la usoni kwa kitambaa, akamnong'oneza kitu kilichomchekesha, kisha wakapiga picha ya simu, shavu kwa shavu. Watu wakapiga makofi. Mimi niliinamisha macho kwenye sahani yangu ya wali na kuku, nikaona aibu ambayo haikuwa yangu. Sikukasirika. Afadhali ningekasirika, kwa sababu mwenye hasira angalau anajua anataka nini. Nilibaki nimechanganyikiwa, nusu nikitaka kumvuta yule binti pembeni nimfunze adabu, nusu nikimwonea wivu. Hapo mzee mmoja mwenye fimbo akaniinamia sikioni: "Mama wa Kaa, unaona mambo?" Nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa Kasongo, jirani yetu wa Kolwezi, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya migodi. Ndevu zake sasa ni nyeupe pe. Wajukuu waliokuwa mezani wakadakia: kaa gani? Kolwezi na bahari wapi na wapi? Kasongo akaanza kusimulia upande wake, mimi nikamkatiza kwa upande wangu, tukagombana hata juu ya rangi ya kaa wenyewe. Nilirudi nyumbani na mwaka mzima kichwani, nao haujapangika hata sasa ninapouandika.

Ilikuwa enzi za Zaïre, miaka ile tulipoacha majina ya ubatizo na sote tukawa raia, citoyen na citoyenne, isipokuwa Wazungu waliobaki kuwa monsieur. Mimi, Kapinga, nilikuwa na miaka ishirini, ndoa yangu bado mbichi. Mume wangu Ilunga alikuwa msaidizi wa mhandisi mmoja, Monsieur Armand, na tulikaa Kapata kwenye nyumba za wafanyakazi, zile zilizopangwa mstari hata mlevi akirudi anahesabu milango. Monsieur Armand alikaa mjini peke yake katika nyumba kubwa, na sebuleni alikuwa amefuga bahari. Sijui niseme vipi vingine. Lilikuwa tangi la kioo refu kuliko kitanda, maji yake ya chumvi yaliletwa kwa treni kutoka Lobito, bandari ya Angola, ndani ya madumu, na fundi mmoja wa reli aliyekuwa rafiki yake. Ndani yake mlikuwa na mawe ya baharini na kaa watano, wembamba, bapa, wa kijani kilichochanganyika na udongo, wenye pete za njano kwenye viungo vya miguu. Kasongo anasema walikuwa wekundu. Kasongo hakuwa akiwalisha. Kazi ya kaa ilikuwa kula mwani unaoota juu ya mawe, ili maji yasioze. Mzungu alikuwa anakwenda likizo ndefu Ulaya, akamwomba Ilunga tuhamie kwake tuwatunze. Alituelezea kila kitu kwa Kifaransa cha haraka siku ya kuondoka, teksi ikipiga honi nje. Mwishoni akacheka, akampiga Ilunga begani, akasema akirudi na kuwakuta hai atajua nani wa kumwachia kiti chake. Mimi nilisikia mzaha. Ilunga alisikia ahadi.

Jioni ile tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwenye meza ya watu wanane, mimi kichwani, yeye miguuni, tukipitishiana bakuli kwa kunyanyuka. Sikuelewa kwa nini hatukukaa karibu. Nadhani kila mmoja alimngoja mwenzake asogee. Ilunga alitafuna, halafu akaelekeza kidole kwenye tangi. "Kapinga, bile binyama si bya kucheza. Kama binakuwa bizima, mi nakuwa cadre, mukubwa wa kazi. Kama binakufa, tunarudia Kapata, na kila mutu atajua juu ya nini." Nikamuuliza maji yakipungua niongeze ya chumvi au ya bomba. Akasema Monsieur alieleza. Nikamuuliza alieleza nini. Akasema nisimsumbue, ametoka kazini. Basi hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yangu ya bahari. Niliongeza ya chumvi kwa sababu bahari ni chumvi, na kipimo cha kioo kilichokuwa kikielea ndani ya tangi kikapanda juu. Nikaongeza ya bomba, kikashuka pale kilipokuwa. Sikujua sababu, ila nilishika njia. Mwaka ule mambo yangu mengi yalikwenda hivyo, nikishika njia bila kujua sababu.

Siku moja asubuhi nikamkuta mmoja wao amelala mchangani, miguu yote nje, hasogei. Nilimgusa kwa kijiko akanesa, mwepesi, hana kitu ndani. Nililia kwa sauti, peke yangu, katika sebule ya watu. Nikamtoa, nikamfunga kwenye gazeti, nikawaza namna ya kumwambia Ilunga. Kesho yake, kabla sijapata maneno, nikahesabu kaa kwenye mawe: watano. Nikahesabu tena. Nikafungua gazeti, maiti yupo. Nilikaa sakafuni. Nilikwenda kanisani Manika Jumapili ile nikiwa na hofu, sikumwambia padri wala mtu. Ilipotokea mara ya pili ndipo nilipokaza macho kwenye kioo kutwa nzima nikamwona kaa anajivua gamba lake lote kama mtu anavyovua koti, anatoka laini na mkubwa zaidi, anajificha chini ya jiwe. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya mahari yangu. Ilunga nilipomwambia alisema, "Muzuri," akaendelea kula.

Sasa nije kwa baba mkwe wangu, Tata Mukendi. Alikuwa mjane, mchimbaji mstaafu, aliyeletwa akiwa kijana kutoka Kasai kwa treni ya wafanyakazi, na kifua chake kilikuwa kikikoroma akipumua. Tulipohamia mjini yeye alibaki katika nyumba yake Kapata, kwa kuwa katika ukoo wao baba mkwe na mkamwana hawalali chini ya paa moja. Mkamwana hamtazami usoni, hali mbele yake, hamsemeshi moja kwa moja. Neno lake hupitia kwa mtu mwingine, mara nyingi mtoto. Na kitu alichokiweka baba mkwe kwa mkono wake, mkamwana hakiondoi, maana ni kama kumfukuza mwenyewe. Haya nilifundishwa na shangazi zake Ilunga kabla ya ndoa, nikayashika bila ubishi. Kwa hiyo alipoanza kuja na baiskeli yake wakati Ilunga yuko kazini, sote wawili tulikuwa taabuni. Yeye anakaa sebuleni, mimi nasimama nyuma ya pazia la korido, na katikati hakuna hata mtoto wa jirani wa kutumwa.

Mara ya kwanza nilimsikia anakohoa, anavuta kiti mbele ya tangi. "Bankala," akasema, kwa maana kwao kaa wa mtoni ni nkala, "mumuambie ule mama wa mu cuisine asinipikie kitu. Mi nilipita tu." Nilishika mdomo nisicheke. Bukari ilikuwa tayari, samaki wa kukauka alikuwa kwenye mchuzi, na mzee ametoka Kapata kwa baiskeli na kifua kile. Nikasema kutoka nyuma ya pazia, macho yangu kwenye ukuta, "Bankala, mumuambie tata kama bukari iko tayari. Akienda na njaa, batu batanisema miye, habatasema ninyi." Mzee akacheka mpaka akapaliwa. "Bankala," akasema alipopata pumzi, "ule mama iko na mudomo." Nilipeleka chakula nimegeuza uso, nikapiga magoti, nikaweka, nikarudi kwenye korido. Alikula peke yake na nikasikia anamwambia kaa mmoja kwamba pilipili imezidi kidogo lakini asiripoti.

Toka siku hiyo akawa anakuja karibu kila wiki, na baadaye mara mbili kwa wiki. Yule kaa mkubwa aliyekaa juu ya jiwe akinyanyua mikono huku wengine wakila alimpa jina la Kapita, kama msimamizi wa mgodini, na kila habari ilianza kwa kumlaumu Kapita kwanza. Kupitia kwa kaa alinieleza treni iliyomleta, jinsi walivyovuliwa nguo na kumwagiwa dawa. Alinieleza habari za mkewe, ambaye mwanzoni hawakujua hata kutaniana naye. Alinieleza Ilunga utotoni, mtoto aliyenyamaza mpaka watu wakadhani ni bubu. "Bankala, mumuambie asiwaze bwana yake anamuchukia. Ule mutoto maneno inamuogopesha." Nami niliwaambia kaa mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba nilitaka kumalizia shule ya wauguzi, kwamba nyumba ile kubwa ilinitisha, kwamba kuna siku nzima zilipita sijasikia jina langu. Sikuwahi kuona uso wake. Nilimjua kwa kikohozi, kwa viatu vyake vya mgodini alivyovipiga rangi, kwa mikono iliyolala magotini. Kwa mume wangu kaa wale walikuwa cheo. Kwangu walikuwa ndiyo njia pekee ya kuzungumza na mtu katika nyumba ile. Wangekufa, ningebaki na pazia.

Ilunga alitukamata mara moja. Alirudi mapema, akasimama verandani na kumsikia baba yake na mkewe wanataniana. Alipoingia, uso umemwiva, mzee hakusogea. "Baba, unasema na muke yangu?" Mzee akaelekeza kidole kwenye kioo. "Mi niko nasema na Kapita. We unaona mutu mwingine hapa?" Ilunga akanitafuta kwa macho, nikawa nimeshageukia jikoni. Usiku ule hakuniuliza kitu, na mimi sikujua kama tumefanya kosa au hatukufanya. Adabu tuliishika yote. Mbona basi tulijisikia wezi?

Ndipo siku moja mzee akaja na kitu kimefungwa kwenye leso. Nilisikia anakunja mkono wa shati, nikasikia maji. "Bankala," akasema, sauti yake ina haya kidogo, "nimebaletea shamba. Hapa Kolwezi majani ni ya namna hii." Alipoondoka nikatoka kutazama. Lilikuwa jiwe la malakiti, kijani kibichi chenye mistari ya duara, alilolisugua mwenyewe kwa majuma mpaka likang'aa. Alilipata akiwa mgodini, akalitunza miaka yote, hakumpa mtu. Ilunga alipoliona alisimama mbele ya tangi muda mrefu. Aliniambia baba yake hakuwahi kumpa zawadi maishani, hata siku alipopata diploma, na sasa ameileta hii nyumbani kwa mwanawe. Kaa wakalipanda jiwe, wakaligonga kwa mikono wakidhani ni mwani. Tulicheka wote wawili, mimi na mume wangu, begani kwa begani, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

Baada ya siku chache kaa mmoja akalala mchangani miguu nje. Mimi, mtaalamu sasa, sikushtuka. Nilisema anavua koti. Nikamngoja atokee na gamba jipya, nikamsifu nyuma ya pazia, mzee akisikia. Wa pili akalala ubavu, nikasema naye zamu yake. Niliwatazama kwa matumaini kabisa, jambo linaloniuma mpaka leo, kwa kuwa nilichojifunza kwa taabu ndicho kilichonipotosha. Harufu ndiyo iliyoniambia ukweli. Nilimgusa wa kwanza kwa kijiko na hakuwa mwepesi. Alikuwa mzito, amejaa.

Nilimwita Kasongo juu ya ukuta wa ua, kwa sababu nilijua maabara wanapima maji. Alikuja na kombe la chai mkononi, akainama kwenye kioo, akanyooka. "Citoyenne, nani alitia hii libwe humu?" Nikamwambia ni Tata. Akafuta mdomo. "Hii ni shaba. Nyama ya namna hii na shaba habapatane hata kidogo. Toa leo, na mayi ubadirishe yote." Nilimtazama nikidhani ananitania. Shaba ilitulisha sote, ililipa posho na shule na mishumaa ya kanisani, mtoto wa Kolwezi alibatizwa karibu ndani ya shaba. Nani angeniambia inaua? Na maji yapi nibadilishe? Vita vilikuwa vimeanza Angola na treni za Lobito hazikuja tena, yule fundi wa reli hatukumwona toka hapo. Yalibaki madumu mawili. Nikayatumia siku hiyohiyo, nikilizunguka lile jiwe kwa ndoo na bakuli, bila kuligusa.

Maana sikuweza kuligusa. Vijana wataniona mjinga na wana haki. Ilunga angeweza, ni baba yake. Nilimweleza mezani, polepole, kila neno la Kasongo. Aliweka tonge chini. "Unataka mi nimuambie baba yangu anaua?" Nikasema kaa wakiisha na cheo kimekwisha, kama yeye mwenyewe alivyosema. Akashika kichwa. "Ngoja Jumapili." Jumapili mzee alikuja, wakakaa, Ilunga akazungumza habari za mpira mpaka baba yake akaondoka. Akaniambia ngoja Jumapili ijayo. Wa tatu akafa, wa nne akafa. Nikiondoa jiwe, mzee ataona mkamwana amemtupa nje. Nikimwambia, ataona aibu na hatarudi. Nikinyamaza, kaa wataisha, na bila kaa atakaa pale na nani? Nilizunguka njia hizo tatu kutwa nikitwanga sombe, na kila moja ilinirudisha jikoni palepale.

Alikuja katikati ya juma. Nilisikia kiti, kisha kikohozi. "Kapita," akasema, "benzako biko wapi? Juu ya nini unabakia peke yako?" Alingoja. Mikono yangu ilikuwa na unga. Nilisema, na sauti ilitoka ndogo, "Kapita, umuambie tata… ile shamba iko muzuri sana. Hakuna mutu alishawapa kitu muzuri vile. Lakini ni shaba, na shaba inabaumiza." Nilisikia anakunja mkono wa shati, nikasikia maji yakidondoka sakafuni, matone mengi. Alivuka sebule na mlango ukafungwa taratibu. Nilipotoka, jiwe halikuwepo na leso ilikuwa imesahauliwa kwenye kiti. Kapita aliishi siku nne tena, juu ya jiwe lake la bahari, hanyanyui mkono.

Cheo? Monsieur Armand hakurudi kabisa. Ofisini wakampa Ilunga kiti kile, wakampa na nyumba, kwa kuwa mambo ya vyeo yalishaamuliwa mbali huko na watu ambao hawakujua kama kuna kaa duniani. Hakuna aliyetuuliza habari zao. Ilunga alicheka, halafu akaenda kukaa bafuni muda mrefu. Nilitaka kufurahi na sikujua nianzie wapi.

Tata Mukendi alikuja mara moja tu baada ya hapo. Akavuta kiti chake mbele ya tangi. Ilunga alikuwa ameshalimwaga maji, lilibaki na mchanga mkavu na alama ya chumvi kwenye kioo. Nilisimama nyuma ya pazia. Nilimsikia anavuta pumzi ya kuanza kusema, anaiacha. Mimi pia nilifungua mdomo mara mbili. Maneno tulikuwa nayo, yamejaa, ila hapakuwa na wa kumtuma. Nilipeleka chai kwa magoti, uso pembeni, nikarudi. Aliondoka bila kuigusa. Mpaka leo sielewi kwa nini hatukusema tu na kioo kitupu. Kumbe hata uongo wetu ule ulihitaji kiumbe hai katikati.

Kifua kilimchukua mvua zilipoanza. Walimlaza katika nyumba yake ya Kapata, na asubuhi kabla ya kwenda makaburini wakaniita nami niingie kumuaga, kwa sababu katika ukoo wao mkamwana anaruhusiwa kumtazama baba mkwe siku hiyo. Nikainua macho. Alikuwa na kovu jembamba kutoka sikioni hadi kidevuni, na kijishimo shavuni cha mtu aliyecheka sana. Sikuwa najua lolote kati ya hayo. Mwaka mzima niliijua sauti ile mpaka pumzi zake, na yule niliyemkuta alikuwa mgeni kabisa. Nikapiga magoti karibu naye na kuanza kusema, moja kwa moja, usoni, bila kumtuma mtu: kwamba nimejiandikisha shule ya wauguzi, kwamba Ilunga ameanza kuzungumza mezani, kidogokidogo, kwamba hakuua kitu, ni mimi niliyekosa maneno mazuri zaidi. Nilisema, nikasema. Wanawake wakanishika mabega, wakaniambia lia, mama, lia, wakidhani ninaomboleza kama mkamwana anavyopaswa.